Uchungu Saa za Kafyu

Mwanamke yeyote aliyejifungua mwezi Aprili 2020 alikuwa tayari na mimba ya miezi minane hivi siku serikali za Afrika Mashariki zilipotangaza amri za kupambana na Korona. Alikuwa ameshaanza kliniki, kadi yake imeandikwa tarehe ya makadirio, na jina lake limo katika daftari la zahanati. Sidhani kama kuna dharura nyingine ya kitabibu inayotoa taarifa mapema kiasi hicho. Ajali haipigi hodi, wala malaria haisemi itaingia nyumba ipi, lakini idadi ya wanawake watakaoshikwa na uchungu mwezi ujao inaweza kukadiriwa leo, wilaya kwa wilaya, bila kukosea sana. Kenya peke yake huzaliwa zaidi ya watoto milioni moja na robo kwa mwaka, yaani zaidi ya 3,000 kila siku, janga liwepo lisiwepo. Kwa hiyo anayetaka kueleza masaibu yaliyowapata wajawazito katika miaka ile hawezi kuishia kusema kwamba dunia ilishtukizwa. Kirusi kilikuwa kigeni. Mimba hazikuwa ngeni. Sehemu kubwa ya madhara ilitokana na mipango iliyoandikwa kana kwamba uzazi ni jambo la kuahirishwa, na ushahidi wa hilo upo wa kutosha, kutoka hapa kwetu na kutoka mbali.

Tuanze na saa. Kafyu ya Kenya ilianza tarehe 27 Machi 2020, ikiwazuia watu kutoka nje tangu saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Walioruhusiwa kutembea walitajwa kwa kazi zao: madaktari, wauguzi, maafisa wa usalama, wanahabari, wasafirishaji wa mizigo. Orodha ya namna hiyo inamrahisishia kazi askari aliyesimama barabarani, maana mwenye kazi ana kitambulisho cha kazi. Aliyeshikwa na uchungu hana cha kuonyesha ila tumbo lake, na dereva anayempeleka hana hata hilo wakati wa kurudi. Sasa tazama uzazi wenyewe hutokea saa ngapi. Watafiti waliochambua kumbukumbu za watoto zaidi ya milioni 5 waliozaliwa England kati ya 2005 na 2014 walikuta kwamba uzazi unaoanza wenyewe, bila dawa ya kuanzisha uchungu na bila upasuaji, hufikia kilele karibu saa kumi za usiku. Maumbile hayajui mpaka wa nchi kwa jambo hilo. Saa ambayo wanawake wengi zaidi hujifungua ilikuwa ndani ya saa ambazo Mkenya alikatazwa kukanyaga barabara, na safari ya kwenda hospitali huanza mapema zaidi ya hapo, katikati ya usiku, saa ambayo hakuna matatu na teksi ni za kutafuta kwa tochi.

Waliobaki ni waendesha bodaboda, na hao walikuwa na sababu ya kuogopa. Shirika la Human Rights Watch lilieleza mwezi Aprili 2020 kisa cha mwendesha bodaboda wa Mombasa, mwenye umri wa miaka 49, aliyepigwa na polisi baada ya kuvunja kafyu ili kumfikisha mjamzito hospitali, kisha akafariki dunia. Hata pale askari mmoja mmoja alipokuwa tayari kusikiliza, habari za kipigo kama hicho hufika mbali kuliko habari za huruma. Kijiwe kizima cha bodaboda kikishajua kwamba mwenzao amekufa kwa kumsaidia mama mjamzito, simu ya saa nane usiku haipokelewi tena, na hapo hakuna sheria iliyomkataza mtu kwenda kujifungua. Katazo limejengeka lenyewe kutokana na woga, na woga haumo katika takwimu za wizara yoyote.

Uganda ilikwenda mbali zaidi. Usafiri wa umma ulisimamishwa tarehe 25 Machi 2020, bodaboda zikazuiwa kubeba abiria, na siku tano baadaye magari ya binafsi nayo yakapigwa marufuku. Mwenye mgonjwa alitakiwa kupata kibali cha mwakilishi wa rais katika wilaya yake. Mpangilio huo una mantiki ukiwa ofisini: kuna mtu mmoja wa kuamua, kuna karatasi, kuna mhuri. Ukiwa kijijini saa sita usiku, ofisi hiyo iko umbali uleule wa hospitali au zaidi, na imefungwa. Mashirika ya wanawake nchini humo yaliripoti wajawazito waliotembea kwa miguu na wengine waliofia njiani. Kabla Aprili haijaisha, Rais Museveni alitangaza kwamba wajawazito wanaweza kusafiri bila kibali. Tangazo hilo lilistahili pongezi, ila linaacha swali gumu. Kama ruhusa ile iliwezekana mwezi Aprili, bila teknolojia mpya, bila fedha za ziada na bila kirusi kubadilika, nini kiliizuia isiandikwe katika amri ya kwanza? Naona jibu ni moja tu: walipokaa kuandika, hakuna aliyewakumbuka.

Wataalamu wa afya ya uzazi wana njia ya zamani ya kuchunguza kifo cha mama, iliyopendekezwa na Sereen Thaddeus na Deborah Maine mwaka 1994. Wanauliza alichelewa wapi: nyumbani akiamua, njiani akisafiri, au hospitalini akisubiri kuhudumiwa. Ucheleweshaji mmoja tu unaweza kutosha kuua. Janga lilileta ucheleweshaji wa aina zote tatu kwa mkupuo. Nyumbani familia ilihofia kwamba hospitali ndiko kwenye Korona, na kipato cha siku kilikuwa kimekatika. Barabarani tumeshaona. Na aliyefika alikuta wodi zenye wahudumu wachache, wengine wakiwa karantini, wengine wakikosa glavu na barakoa. Katika Hospitali ya Rufaa ya Taifa ya Kawempe, jijini Kampala, watafiti waliopitia kumbukumbu za kuanzia Julai 2019 hadi Desemba 2020 walikuta mahudhurio ya kliniki yakiporomoka wakati wa zuio, huku wanawake waliotibiwa shinikizo la damu na kifafa cha mimba wakiongezeka. Mambo hayo mawili ni kitu kimoja. Shinikizo la damu la mimba mara nyingi halina maumivu. Mama anaweza kulima, kupika na kucheka nalo. Linagunduliwa na mkanda wa kupimia unaofungwa mkononi, kwenye foleni ya kliniki, na mkunga anayeangalia mkojo kama una protini. Ukiiondoa foleni hiyo, ugonjwa unaendelea kukua kimyakimya mpaka mama aanze degedege.

Kuna ushahidi mwingine ambao kwangu una uzito kuliko wote, ingawa haukutajwa sana redioni. Mwaka 2021 jarida la Lancet Global Health lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 40 kutoka nchi 17, ukihusisha mimba zaidi ya milioni 6. Ulionyesha kwamba watoto waliozaliwa wafu waliongezeka na vifo vya kina mama viliongezeka. Lakini kipimo kilichoruka juu kuliko vyote kilikuwa cha wanawake ambao mimba ilitunga nje ya mji wa uzazi: uwezekano wa wao kuhitaji upasuaji ulipanda karibu mara sita. Korona haisababishi mimba kutunga kwenye mrija. Mimba ya namna hiyo ikigunduliwa mapema, mara nyingi hutibiwa kwa dawa. Ikichelewa, mrija hupasuka na damu kujaa tumboni, na hapo ni kisu tu. Kwa hiyo takwimu hiyo inapima kitu kimoja peke yake, nacho ni kuchelewa. Huwezi kukilaumu kirusi kwa hilo hata ukitaka. Nepal nako, katika hospitali tisa zilizofuatiliwa wakati wa zuio la 2020, wanaojifungulia hospitalini walipungua kwa takriban nusu. Miongoni mwa waliofika, watoto waliozaliwa wafu walipanda kutoka 14 hadi 21 kwa kila vizazi 1,000, na vifo vya watoto wachanga kutoka 13 hadi 40. Hizo ni hesabu za waliofika. Waliobaki milimani hawakuhesabiwa na mtu.

Mtu anaweza kusema kwamba haya ni busara ya baada ya tukio, kwamba mwezi Machi 2020 hakuna aliyejua. Ningekubali kama isingekuwa Sierra Leone. Wakati wa Ebola ya 2014 hadi 2016 nchi hiyo ilipoteza watu karibu 4,000 kwa ugonjwa wenyewe. Mwaka 2017 watafiti walikadiria kwamba, katika kipindi hichohicho, kupungua kwa huduma za uzazi kulisababisha vifo vya ziada vya kina mama na watoto wachanga, pamoja na watoto waliozaliwa wafu, vinavyofikia kama 3,600, tena kwa hesabu za tahadhari. Ebola, basi, iliua kwa mikono miwili, na mkono wa pili ulikuwa mrefu karibu sawa na wa kwanza. Makadirio hayo yalichapishwa miaka mitatu kabla ya Korona, katika bara letu, kuhusu mfumo wa afya unaofanana na wa kwetu. Waliopanga walikuwa nayo, au walipaswa kuwa nayo, mezani.

Pingamizi zito zaidi linatoka Kenya kwenyewe. Waliolinganisha takwimu za hospitali za Machi hadi Juni 2020 na zile za miezi hiyohiyo ya 2019 hawakuona tofauti kubwa kitaifa katika mahudhurio ya kliniki wala idadi ya waliojifungulia hospitalini. Kumbe wanawake walifika! Hilo ni kweli, na ni sifa kwa wakunga na kwa wanawake wenyewe, waliotafuta njia pasipo na njia. Baadhi walihamia kwa ndugu karibu na hospitali, wengine wakaondoka nyumbani kabla ya jua kuzama kwa uchungu ambao huenda ungengoja hadi asubuhi. Lakini wastani wa taifa una tabia ya kuwaficha watu. Uchambuzi huohuo ulikuta kwamba sehemu ya vifo vya kina mama iliyowahusu wasichana wa balehe ilikuwa imeongezeka. Msichana wa miaka 16 ambaye shule imefungwa, ambaye hana mume wa kumpigia mtu simu wala fedha za teksi, na huenda mimba yenyewe ameificha, ndiye amri ya usiku humwangukia kwa uzito wote. Mke wa mwenye gari alipata usumbufu. Wote wawili wakiwekwa kwenye kapu moja la hesabu, kapu linaonekana halijapungua kitu.

Wapo pia watakaosema kwamba ninakisamehe kirusi. La hasha. Utafiti wa kimataifa uliofanyika katika nchi 18 na kuchapishwa 2021 ulikuta kwamba wajawazito walioambukizwa Korona walikuwa na hatari ya kufa takriban mara 22 kuliko wajawazito wasioambukizwa, na kifafa cha mimba kiliwaandama zaidi. Marekani, ambako mwaka 2021 watu walikuwa wakitembea watakavyo, vifo vya uzazi vilipanda kutoka 754 mwaka 2019 hadi 1,205 mwaka 2021. Huko zuio la barabara haliwezi kusingiziwa. Hata hivyo, uliza wanawake hao walikuwa wapi katika mpango wa chanjo. Majaribio makubwa ya kwanza ya chanjo za Korona yaliwaacha nje wajawazito. Chanjo ya Pfizer iliidhinishwa Marekani Desemba 2020. Majaribio yake kwa wajawazito yalianza Februari 2021. Kwa miezi mingi daktari aliyeulizwa na mjamzito kama achanjwe hakuwa na jibu la moja kwa moja, na pengo hilo lilijazwa na uvumi wa utasa na kuharibika kwa mimba. Mamlaka ya afya ya nchi hiyo ilipotoa pendekezo la wazi, Agosti 2021, wimbi la Delta lilikuwa limeshaingia wodini. Kuwaacha nje kulitetewa kwa jina la kuwalinda. Ni kosa lilelile la kafyu likiwa limevaa koti jeupe: aliyebeba mimba anawekwa kando mpaka wengine wamalizwe, ilhali mimba yake haiwezi kukaa kando.

Sura nyingine ya janga ilikuwa upweke. Mwishoni mwa Machi 2020 baadhi ya hospitali kubwa za New York zilipiga marufuku mtu yeyote kuingia na mzazi, mume akiwemo. Malalamiko yalikuwa makali kiasi kwamba tarehe 28 Machi gavana wa jimbo, Andrew Cuomo, alitoa amri ya kuzilazimisha hospitali zimruhusu mtu mmoja. Waliotetea marufuku walikuwa na hoja ya maana, kwamba kila anayeingia anaweza kumwambukiza mkunga, na mkunga mmoja akiugua wazazi kumi wanakosa huduma. Hoja hiyo ingeshinda kama msindikizaji angekuwa pambo. Mapitio ya majaribio yaliyohusisha wanawake zaidi ya 15,000 katika nchi 17 yalionyesha kwamba aliye na mtu wa kumtegemeza muda wote wa uchungu hujifungua haraka zaidi na hupasuliwa mara chache zaidi. Msindikizaji aliyevaa barakoa, asiye na dalili, ni sehemu ya tiba. Kwetu suala hili lina aibu yake ya ziada. Katika wodi nyingi za umma za Afrika Mashariki msindikizaji hakuwa akiruhusiwa hata kabla ya Korona, kwa kuwa hakuna mapazia, na vitanda viko karibu mno au vimelaliwa na wanawake wawili wawili. Janga liliipa sababu ya kitabibu hali ambayo chanzo chake ni uhaba wa nafasi, na ugonjwa ulipoondoka uhaba ulibaki palepale.

Watoto njiti walilipia hofu ya maambukizi zaidi ya mama zao. Mwezi Machi 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti yaliyokadiria kwamba kuwaacha watoto waliozaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo wakae kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, kunaweza kuokoa maisha zaidi ya 125,000. Faida hiyo ilikuwa kubwa mara 65 kuliko hatari ya mtoto kufa kwa Korona aliyoipata kwa mama. Hata hivyo katika nchi nyingi watoto walitenganishwa na mama zao kwa shaka tu ya maambukizi. Uamuzi huo ulionekana wa tahadhari kwa sababu hatari moja ilikuwa kwenye televisheni kila saa mbili usiku na nyingine haikuwa.

Na bibi zetu je, waliozaa nyumbani kwenye jamvi na wakazaa tena? Hoja hii hurudi kila hospitali inapotia hofu, na wakati wa Korona ilirudi kwa nguvu. Wakunga wa jadi wana maarifa na wana kauli nzuri kwa mzazi, jambo ambalo baadhi ya wodi zingejifunza. Lakini damu inayotoka kwa kasi baada ya kujifungua inaweza kummaliza mama ndani ya saa mbili, na kinachoizuia ni dawa ya sindano inayohitaji kuhifadhiwa kwenye ubaridi, mtu wa kuichoma, na damu ya akiba. Uingereza, ambako kuzalia nyumbani ni huduma rasmi yenye wakunga waliosomea, hospitali kadhaa ziliisimamisha huduma hiyo mwaka 2020 kwa kuhofia kwamba magari ya wagonjwa hayatapatikana kwa wakati. Usalama wa kuzalia nyumbani unategemea barabara iliyo wazi kwenda hospitali, na barabara ndiyo iliyokuwa imefungwa.

Wahudumu wa afya hawawezi kubebeshwa lawama hii. Wauguzi wa Kenya waligoma kuanzia Desemba 2020, wakidai miongoni mwa mengine vifaa vya kujikinga na bima, baada ya kuwazika wenzao. Mama aliyefika wiki hizo akakuta milango imefungwa alikuwa na haki ya kukasirika, na muuguzi naye alikuwa na haki ya kutokufa kwa kukosa barakoa. Anayewagombanisha wawili hao anaficha aliyepaswa kununua barakoa.

Kwamba njia nyingine ilikuwepo, tunajua kwa sababu kuna walioijenga. Daktari Jemimah Kariuki, aliyekuwa akisomea ubingwa wa uzazi jijini Nairobi, aliona kafyu ikiwapunguza wanaofika usiku, na wanaofika wakifika wakiwa na hali mbaya. Akatoa wazo mtandaoni, na mwezi Aprili 2020 ukazaliwa mpango wa Wheels for Life: mjamzito anapiga simu bure, daktari anamsikiliza, na akihitaji kusafiri anatumiwa teksi yenye kibali au gari la wagonjwa. Ulikuwa mpango mzuri, na pia ni shutuma, maana mwanafunzi na wenzake wa kujitolea walikuwa wakiziba tundu la amri ya taifa. Tanzania haikuweka kafyu, lakini umbali wake hauhitaji kafyu ili uue. Mfumo wa m-mama, ulioanza Shinyanga na wilaya za Sengerema na Buchosa, kisha ukazinduliwa kitaifa mwaka 2022, unatumia namba ya simu 115. Gari la wagonjwa lisipokuwepo, mwendeshaji wa mfumo humtafuta dereva wa kijijini aliyesajiliwa, na nauli hulipwa kwa simu mara mama anapofikishwa. Jambo la msingi hapo ni kwamba dereva anajulikana kabla ya uchungu kuanza. Mfumo kama huo, uwapo tayari siku ya kufungwa barabara, hauhitaji kibali kipya cha mtu. Orodha ya magari iko mkononi, na polisi anaweza kupewa nakala yake asubuhi ya kwanza.

Jambo hili halipaswi kutegemea huruma ya anayeandika amri, na Uganda tayari kuna chombo kilichosema hivyo. Tarehe 19 Agosti 2020, janga likiendelea, Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilitoa hukumu katika shauri lililofunguliwa mwaka 2011, baada ya wanawake wawili kufariki wakijifungua katika hospitali za umma, mmoja Mityana na mwingine Arua. Majaji waliamua kwamba serikali kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi ni kuvunja katiba, wakaagiza zitengwe fedha za kutosha tangu bajeti ya mwaka uliofuata, na vituo vipate vifaa na wahudumu wenye ujuzi ndani ya miaka miwili ya fedha. Shauri hilo lilichukua miaka tisa, muda mrefu kuliko uvumilivu wa familia yoyote. Ila hukumu ipo, na siku usafiri utakaposimamishwa tena nchini humo, wakili wa mjamzito aliyezuiwa barabarani ana karatasi ya kuanzia.